Ukumbi Usio na Mwenyewe: Kisa cha Chama cha Mtaa Kisiwani Mombasa

Chama cha wakazi cha mtaa mmoja wa kisiwani, upande wa Majengo, kimeitisha mkutano mkuu wa dharura ili kuamua kama kitabaki na ukumbi wake au kitauuza. Jina la mtaa na majina ya watu nimeyaacha nje, na hesabu za fedha nimezipanga mwenyewe ili kisa kichambulike. Sheria na desturi zinazotajwa ndizo zinazotumika Mombasa kila siku. Ilani iliyobandikwa mlangoni inauliza jambo moja tu: tuuze au tusiuze? Maoni yangu ni kwamba swali hilo limeulizwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa chama hakijaweza kuonyesha, kwa karatasi ambazo mahakama itazikubali, kwamba ukumbi ni wake. Na mpaka jambo hilo litengenezwe, wanaotaka kuuza hawana cha kuuza, na wanaotaka kubaki nao hawana hakika ya kubaki nao.

Jengo ni ukumbi mmoja mrefu wenye kuta za mawe ya matumbawe na paa la mabati, pamoja na stoo, vyoo viwili, chumba kidogo cha nyuma na uwazi wa mbele unaotazama barabara. Lilijengwa kwa michango ya wakazi kwenye kiwanja kilichokodiwa kutoka serikalini kwa miaka 99, ambayo sasa imebakisha miaka 14. Paa linavuja pande mbili. Boriti ya zege iliyo juu ya mlango mkubwa imepasuka kwa urefu wake, na mtu akisimama chini yake anaiona nondo imetokeza, nyekundu, ikibanduka tabaka kwa tabaka. Sababu yake inajulikana na kila fundi wa kisiwani: chumvi iliyomo katika hewa ya bahari hupenya zege na kula chuma, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege hupasuliwa kutoka ndani. Mambo huwa mabaya zaidi zege linapokuwa limekorogwa kwa maji ya kisima chenye chumvi au kwa mchanga wa ufuoni. Kuta nazo zilipigwa plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani, kwa hiyo unyevu unaoingia kwenye matumbawe haupati pa kutokea. Kamati imepaka rangi mara mbili katika miaka ya karibuni, na rangi yenyewe ni nzuri, ila fedha zile zingetosha kununua mabati ya upande mmoja wa paa.

Kuhusu fedha, ukumbi huingiza takriban shilingi 210,000 kwa mwaka kutokana na kukodisha nafasi, viti na masufuria, na hutumia 185,000 kwa maji, stima, usafi na marekebisho madogo. Kinachobaki ni 25,000. Makadirio ya paa na boriti ni shilingi 1,900,000, maana yake ni kwamba kwa mwendo huu chama kingehitaji miaka 76 kukusanya fedha za kazi moja. Juu ya hayo kuna deni la kodi ya ardhi ya kaunti la shilingi 640,000, ambalo sehemu yake kubwa ni riba. Daftari la wanachama lina majina 64, na waliolipa ada mwaka huu ni 23.

Zimekuja ahadi mbili. Mfanyabiashara mmoja ametaja bei ya shilingi milioni 18 kwa kiwanja na jengo. Mwingine, ambaye ni mjenzi, hataki kununua. Anapendekeza abomoe ukumbi, ajenge ghorofa, kisha akirudishie chama ukumbi mpya katika sakafu ya chini huku nyumba za juu zikiwa zake.

Nani anashika hati

Chama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Chama cha namna hiyo, hata kikiwa na cheti, mhuri na akaunti ya benki, hakihesabiwi kuwa mtu mbele ya sheria, na kwa hiyo hakiandikwi kwenye hati ya ardhi kwa jina lake. Mali yake hushikwa na wadhamini kwa niaba ya wanachama. Hati ya kiwanja hiki ina majina ya wadhamini watatu, na wote watatu wamefariki. Kila mmoja alipofariki hakuna aliyekwenda ofisi ya ardhi kuandikisha mwingine, kwa sababu waliobaki walikuwepo na kila mtu mtaani alijua ukumbi ni wa nani.

Mdhamini anapofariki, umiliki wa kisheria hubaki kwa wenzake walio hai. Anapofariki wa mwisho, hati huangukia kwa wasimamizi wa mirathi yake, ambao wanawajibika kuishika kwa ajili ya chama, lakini wao ndio wenye mkono wa kutia sahihi. Watoto wa mdhamini wa mwisho wamekwisha kuuliza kama kiwanja hicho kimo katika mirathi ya baba yao. Sioni ubaya katika kuuliza kwao: wameona jina la baba kwenye hati, na mrithi anayekuta jina la marehemu kwenye hati akakaa kimya ndiye wa kushangaza.

Katika kikao cha kamati kilichotangulia mkutano, mweka hazina, ambaye ndiye mdogo kuliko wote mezani, alimuuliza mwenyekiti, "Mzee wangu, tukikubaliana kuuza leo, nani atatia sahihi?" Mwenyekiti akamjibu, "Mwanangu, marehemu hakuwa mtu wa kutudhulumu." Walikuwa wanazungumzia mambo mawili tofauti. Mwenyekiti alikuwa akiilinda heshima ya rafiki yake, ambayo hakuna aliyeigusa, na swali la sahihi likabaki bila jibu. Kumbukumbu za kikao hazina hata mstari mmoja juu yake.

Familia ikienda kwa kadhi na kukihesabu kiwanja pamoja na mali nyingine za marehemu, chama kitajikuta kati ya mahakama mbili. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa mahakama ya kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake; lakini ugomvi wa kama ardhi ilikuwa ya marehemu au aliishika kwa amana ya chama ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kesi ya namna hiyo inaweza kuchukua miaka, na mawakili watalipwa na chama kinachobakisha shilingi 25,000 kwa mwaka.

Tiba ipo, na inafanyika kwa urahisi zaidi wakati watu bado wanaongea. Wazee wawili watatu walioshiriki michango ya awali wangali hai, na risiti za kodi ya ardhi zilizoandikwa kwa jina la chama zimo kwenye bahasha stooni. Familia ikaribishwe, ionyeshwe karatasi hizo, na iombwe ichukue usimamizi wa mirathi kwa kadiri inayohitajika ili hati ihamishiwe wadhamini wapya. Kisha wadhamini hao waombe kusajiliwa kuwa bodi chini ya Sheria ya Wadhamini inayohusu urithi wa kudumu, Sura ya 164, ambayo hukiweka kwenye hati chombo kisichokufa hata watu wake wakibadilika. Gharama za wakili na za familia zibebwe na chama. Ni haki, maana uzembe ulikuwa wa chama.

Jambo hili linawahusu wauzaji kama linavyowahusu wasiotaka kuuza. Mnunuzi aliyetaja milioni 18 hakuja gizani. Anajua wadhamini hawapo, anajua ukodi umebakisha miaka 14, na bei yake imepunguzwa kwa sababu ya mambo yote mawili. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyekuwa akishika ardhi haki ya kufikiriwa kwanza ukodi unapokaribia kwisha, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isihitajike kwa matumizi ya umma. Lakini aliyekuwa akishika ardhi, kwa mujibu wa hati, ni marehemu watatu. Kuuza sasa ni kumuuzia mtu ufa kwa bei ya ufa, halafu yeye auzibe na kuchukua faida yote.

Kuna pia chumba cha nyuma, anamokaa mlinzi na jamaa zake kwa miaka mingi bila kodi, kwa ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti aliyekwisha kufariki. Sheria ya Kenya humruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, bila ruhusa na bila kupingwa, kudai kuwa yake. Mwenye ruhusa hana dai hilo, lakini ruhusa ya marehemu haina shahidi. Barua ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa na pande zote mbili, inalimaliza.

Kazi ambayo daftari haliioni

Wanaosema ukumbi hautumiki wanashika daftari la mapato, na daftari kweli lina mistari michache. Ila daftari hilo huandikwa fedha zinapoingia. Harusi hulipa, kwa hiyo harusi zimo. Matanga hayalipi, kwa desturi ya chama tangu mwanzo, kwa hiyo matanga hayamo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili ni lazima kuzitazama nyumba za mtaa wenyewe. Nyingi ni nyumba za Kiswahili za kawaida, zenye ujia katikati na vyumba sita, vitatu kila upande, na siku hizi kila chumba hupangishwa watu wake. Mara nyingi mwenye kuta si mwenye ardhi: nyumba ni yake, kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja, na ndiyo sababu kiwanja cha chama ni kitu adimu katika mtaa huu. Mpangaji wa chumba kimoja akifiwa, maiti haina pa kuoshewa na wanawake hawana pa kukaa. Stooni mwa ukumbi kuna kitanda cha kuoshea maiti, mikeka iliyoviringishwa, mabirika, na masufuria makubwa ya pilau yenye herufi za chama zilizopakwa kwa rangi nyekundu chini, ili yakiazimwa yarudi. Wakazi Wakristo wenye asili ya bara hukutana humo jioni baada ya jioni kuchanga fedha za kusafirisha maiti nyumbani. Hakuna hata kikao kimoja kati ya hivyo kilichoacha alama kwenye hesabu za mwaka.

Kwa hiyo ningependa, kabla ya kura yoyote, katibu aandike kwa miezi kadhaa kila matumizi ya ukumbi, yaliyolipiwa na yasiyolipiwa, na nani aliyetumia. Orodha hiyo itawaumbua watu wa pande zote. Itaonyesha kuwa ukumbi unafanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Itaonyesha pia kuwa vijana hawaingii, kwa sababu ufunguo uko kwa mzee mmoja na mlango hufungwa magharibi inapoadhiniwa, na kwamba watumiaji wa kudumu kuliko wote ni kikundi cha akina mama wa akiba wanaokutana Jumamosi na kufagia kabla ya kuondoka. Karibu wote katika akina mama hao si wanachama. Katiba ya chama inampa uanachama mwenye nyumba, na wengi wao ni wapangaji, wakiwemo waliokaa mtaani miaka 20. Katika mkutano wa kuamua hatima ya ukumbi, watakaopiga kura ni watu ambao baadhi yao wamehamia Kisauni na Bamburi na kubaki na nyumba za kupangisha, na watakaokaa nje ni wanaoufagia. Kubaki na jengo kwa masharti hayo si kubaki nalo kwa ajili ya mtaa.

Hoja ya wauzaji

Hoja yao ya fedha ni nzito na haifai kujibiwa kwa machozi. Tuseme bei ni milioni 18. Kodi ya faida ya mauzo ya mali imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, na kwa kuwa chama hakina karatasi za gharama za ujenzi, karibu bei yote itahesabiwa faida, yaani milioni 2.7 zitaondoka. Deni la kaunti ni lazima lilipwe kwanza, kwa maana ardhi haihamishwi bila cheti cha kutodaiwa. Baada ya wakili na mengineyo, chama kitabakiwa na karibu milioni 14. Zikiwekwa mahali salama zinapozaa asilimia 10, zitaleta milioni 1.4 kwa mwaka, zaidi ya mara sita ya mapato ya ukumbi, na kwa fedha hizo chama kingeweza kukodi hema, viti na ukumbi wa mtu mwingine kila mtu anapofiwa, na bado kikabakiwa.

Kwenye karatasi, basi, wauzaji wameshinda. Swali langu ni nani atazishika milioni 14 hizo kwa miaka 20. Chama hiki hakijakaguliwa hesabu zake kwa miaka sita, hakikujua kwamba wadhamini wake wamekwisha, na ada hulipwa na thuluthi moja ya wanachama. Chama cha namna hiyo hakina ubavu wa kulinda fedha taslimu. Hazihitaji mwizi ili ziishe. Zinahitaji tu mwaka mmoja wa shida, mikopo michache kwa wanachama wenye hoja nzuri, na sahihi tatu. Ukumbi mbovu umevumilia uongozi mbovu kwa sababu hauchukuliki kidogo kidogo. Njia pekee ya kuuchukua ni kupitia hati, na njia hiyo ndiyo tuliyoona jinsi ya kuifunga.

Wapo pia wanaosema fedha zigawanywe. Zikigawanywa kwa majina 64, kila mmoja atapata kama laki mbili na kidogo, na wapangaji hawatapata kitu.

Pendekezo la mjenzi linavutia zaidi, na kwa maoni yangu ndilo la hatari zaidi. Ili ajenge atahitaji mkopo, na ili akopeshwe benki itataka hati ya kiwanja iwe dhamana. Akikwama katikati, benki itauza kiwanja cha chama kwa deni ambalo si la chama. Hata akimaliza, ukumbi wa sakafu ya chini utakuwa wa chama pale tu utakapokuwa na hati yake ya pekee chini ya Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020; ahadi ya "mtatumia chini" ni upangaji wa hisani. Kisha wenye nyumba za juu wataunda shirika lao la usimamizi, watatoza ada za huduma, na siku ya kwanza ya matanga ya usiku kucha watapiga simu polisi. Mjenzi mwenye nia njema angekubali hati ya chama isiguswe na benki. Huyu hajaulizwa, na anastahili kuulizwa.

Kuna waliotaja wakfu, kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na Mombasa ina tume yenye uzoefu wa kuisimamia. Nalielewa wazo hilo, lakini chama kina wanachama wa dini mbalimbali waliochanga kwa masharti ya chama, na hakiwezi kuibadilisha amana yao kwa kura ya wengi. Kuikabidhi kaunti ni kuongeza jengo moja kwenye orodha ndefu ya majengo yanayongoja bajeti.

Ninachokipendekeza

Ukumbi ubaki, na uwazi wa mbele ujengwe maduka matatu. Kila duka likipangishwa kwa shilingi 15,000 kwa mwezi, mapato yanakuwa 540,000 kwa mwaka, na kilemba, yaani fedha za kupewa nafasi, kitakachotolewa na wapangaji wa kwanza kinaweza kuanzisha kazi ya paa. Hapa kuna mtego mmoja ambao vyama vingi huingia. Sheria ya Kenya ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, Sura ya 301, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, kiasi kwamba hapandishwi kodi wala haondolewi ila kwa kupitia baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana mawakili huandika mikataba ya miaka 5 na miezi 3, isiyo na kipengele cha kuivunja mapema. Maduka yakitolewa kwa maneno ya mdomo kwa jamaa za kamati, chama kitakuwa kimehama kutoka tatizo la wadhamini na kuingia tatizo la wapangaji. Vibali vya kaunti vitangulie, na hilo pia linarudi kwenye hati, maana mwombaji wa kibali huulizwa yeye ni nani.

Mkutano ujao, kwa hiyo, usipigie kura kuuza. Upigie kura mambo matatu: kuteua wadhamini wapya, angalau mmoja wao akiwa mwanamke na mmoja akiwa chini ya miaka 35, na kumpa wakili kazi ya hati, kubadilisha katiba ili mkazi yeyote aliyekaa mtaani miaka mitatu na kulipa ada awe mwanachama, mpangaji au mwenye nyumba, na kupatana na kaunti kuhusu deni, likilipwa kwa awamu, na riba yake ikiombewa msamaha, kwa kuwa kaunti zimekuwa zikitangaza misamaha ya riba na faini. Paa lifuate, kabla ya masika ya mwaka unaofuata, kwa maana Mei ndio mwezi ambao Mombasa hunyeshewa kuliko yote.

Ikiwa baada ya miaka miwili hati bado iko kwa marehemu na paa bado linavuja, nitakubaliana na wauzaji kwamba chama kimeshindwa, ila bado sitakubali kuuza. Ningependekeza jengo lote likodishwe kwa miaka 10 kwa mtu atakayelitengeneza, kwa sharti kwamba matanga yaendelee kupokewa. Mfanyabiashara wa milioni 18 aandikiwe barua ya heshima kwamba kiwanja hakiuzwi kwa sasa. Boriti ya mlango mkubwa haingoji kura wala koramu: mlango huo ufungwe leo, boriti iegemezwe kwa nguzo za chuma kutoka chini, na watu wapitie mlango wa pembeni mpaka fundi aje.